Mfuata Maji

Nyumba niliyopanga katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha kati ya Kapkatet na Sotik, mahali ambapo Kericho huishia na Bomet huanzia bila ya jicho kuona tofauti yoyote katika ukijani wa majani chai, ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe na mbao za mtarakwa, yenye dohani moja na paa la mabati lililokwisha kugeuka rangi ya ganda la komamanga. Na katika chumba nilichoweka vitabu vyangu palikuwa na tone. Tone hilo lilianguka juu ya meza, daima mahali pamoja, na wapangaji walionitangulia walikuwa wamelizoea hata wakaacha juu ya meza ile alama ya duara ya sufuria. Watu watatu walikwisha kulitibu, na kila mmoja wao alifanya lile ambalo akili ya haraka humwelekeza mwanadamu kulifanya: alisimama chini ya tone, akainua kichwa, akapiga mstari kwa jicho mpaka kwenye bati lililokuwa sawasawa na utosi wake, kisha akapanda juu na kulipaka lami. Ilipofika zamu yangu bati lile lilikuwa na lami ya unene wa kidole gumba, na tone lilikuwa likianguka vilevile, taratibu, kama mtu anayerudia swali ambalo hajajibiwa.

Nataka kuandika hapa sifa za mzee mmoja wa Bomet aliyelijibu swali hilo, na kwa njia yake niisifu kazi ambayo haina chuo, haina kiapo, wala haina jina lake maalumu katika lugha yetu, maana tunamwita tu fundi wa mabati kana kwamba kazi yake yote ni kupigilia misumari. Kupigilia misumari ni sehemu ndogo ya elimu yake, na kuziba tundu ni sehemu ndogo zaidi, kwa kuwa tundu likishajulikana hata mtoto aweza kuliziba. Ustadi umo katika kujua maji yameingilia wapi. Na jambo hilo, ijapokuwa wenye nyumba wengi hulidharau, limewashinda watu wenye akili nyingi na shahada nyingi, kwa sababu humtaka mtu aiache dhana yake mwenyewe na ayafuate maji kinyumenyume, kutoka dhahiri hadi batini, mpaka lile lililofichika lijionyeshe.

Msomaji wa pwani au wa bara kavu hana budi aelezwe kwanza mvua ya nchi hii ilivyo. Mji wa Kericho uko kiasi cha futi 7,000 juu ya bahari, umeuegemea msitu wa Mau kwa upande wa magharibi, na mbele yake, chini sana, limejitandaza Ziwa Viktoria. Asubuhi jua huwaka juu ya mashamba ya chai kwa ukarimu mkubwa, hewa ya milimani ikapata moto na kupanda, na upepo wa ziwa, uliosheheni mvuke, ukaja kuikalia nafasi yake. Upepo huo huyapanda matuta moja baada ya jingine, ukakutana huko juu na pepo za mashariki zinazovuka Mau, na ifikapo saa nane au saa tisa alasiri mawingu huwa yamekwisha kujijenga kama ngome, na mvua ikamwagika. Ni mvua hii iliyowavuta wenye makampuni wa Kiingereza kuja kupanda chai hapa kwa mashamba makubwa katika miaka ya 1920, na ni mvua hii hii inayowalisha wakulima wadogo walioieneza chai hiyo katika vijishamba vyao tangu uhuru. Kwa mwaka mzima hufikia milimita 2,000, na mahali pengine huzidi. Lamu kwetu hupata kiasi cha nusu yake, tena kwa msimu. Wakipsigis, wenyeji wa nchi, humwita Kiprop mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha, na wa kike humwita Cherop, na katika darasa langu la wanafunzi arubaini sikukosa kamwe kuwa na watatu au wanne wenye majina hayo.

Na juu ya mvua ya maji kuna mvua ya mawe. Kericho na vilima vya Nandi ni miongoni mwa mahali duniani ambapo mvua ya mawe hunyesha mara nyingi zaidi, na mchuma majani chai yeyote atakueleza jinsi shamba zima linavyoweza kuraruka kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Kwa paa, hata hivyo, dhara kubwa ya mawe haimo katika pigo. Mawe hulundikana ndani ya gata, hulundikana mahali miteremko miwili ya paa inapokutana, hulundikana nyuma ya dohani, barafu ikawa boma. Na maji yanayoteremka, yakikuta njia imefungwa, hujaa, hupanda kinyume chini ya bati la juu, na kuingia mahali ambapo mvua ya kawaida isingefika. Ndiyo maana nyumba za huku huweza kuvuja siku moja na zisivuje siku kumi zinazofuata, na mwenye nyumba akashukuru kuwa imepona.

Mimi ni mtoto wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, kijiji ambacho vizazi kwa vizazi vimeunda majahazi na mashua ufukoni bila ya ramani ya karatasi, na babu yangu alikuwa kalafati. Aliisokota pamba, akaichovya katika mafuta, akaishindilia kwa nyundo na patasi butu katika viungo vya mbao, huku akiisikiliza sauti ya nyundo yake, kwa kuwa kiungo kilichoshiba kina mlio wake na kiungo chenye njaa kina mlio mwingine. Chini ya chombo alipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu alipaka yale mafuta ya papa yanayoitwa sifa, neno lile lile tulitumialo kwa kumtukuza mtu, nami hata leo neno hilo hunijia pamoja na harufu ya ufuko wetu. Watu hudhani kwamba adui wa chombo ni bahari. Babu alinifundisha kwamba maji ya chumvi huuhifadhi mti, na kwamba vyombo vingi vikuukuu vilivyofia nangani viliuawa na mvua: jua huzikausha mbao za sitaha na kuvifungua viungo vyake, mvua ikaingia kimya, ikateremka mpaka pale mataruma yanapokutana na mbao, ikatulia huko mahali pasipo hewa wala jua, na mti ukaoza kwa ndani ilhali kwa nje ungali unang'aa. Kwa hiyo mabaharia huimwagia sitaha maji ya bahari alfajiri, mbao zivimbe na kujifunga kabla jua halijapanda.

Nakumbuka jahazi moja la makamo lililokuwa na chumba kidogo shetrini, ambamo mvua ilimdondokea nahodha juu ya godoro lake. Babu aliingia humo usiku mvua ikinyesha, akaniamuru nizime taa, akaanza kupitisha mgongo wa mkono wake chini ya mihimili ya sitaha. Kwa sababu, alisema, kiganja cha fundi kimejaa sugu na hakiisikii tena baridi ya tone, lakini mgongo wa mkono husikia kila kitu. Alianza pale maji yalipodondokea, akaenda mbele shubiri baada ya shubiri, akakata kona, akaenda tena, mpaka akafika mahali palipokuwa mbali kwa urefu wa watu wawili, penye upenyo ambao mimi nisingeweza kuuingiza hata ukucha. "Mjukuu wangu," akaniambia gizani, "maji ni abiria. Hayashukii yalipopandia."

Wala ujirani huu wa bati na bandari si jambo la mawazo yangu tu. Bati lenye mikunjo, ambalo leo limeifunika Afrika ya Mashariki na ya Kati kutoka Lamu hadi Kisangani, lilibuniwa London na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za mji ule, aliyepewa hati ya ubunifu wake mwaka 1829. Na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kulivika chuma vazi la zinki lisipate kutu. Lilibuniwa, basi, na mtu aliyekuwa akiishi kati ya merikebu, likaletwa kwetu ndani ya merikebu, likapanda reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kulifikia ziwa mwaka 1901, na mizigo ya Kericho ikawa ikiteremshwa katika stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, ili ipande milima kwa magari ya ng'ombe. Nikitazama paa la bati naona sitaha iliyoinamishwa. Lina viungo vyake, lina njia zake za maji, hupanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Bati la mita 3 laweza kurefuka kiasi cha milimita moja kati ya alfajiri na adhuhuri, kisha mvua ya alasiri ikalipiga ghafla likarudi, na kwa kuwa jambo hilo hutendeka hapa karibu kila siku ya Mungu, kila msumari hutikiswa katika tundu lake mara elfu kabla mtoto wa nyumba hajajua kusoma.

Yule mzee alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa kofia ya sufu na amebeba mfuko wa turubai. Nilimwamkia, "Chamgei, boiyot," akanijibu, "Chamgei mising, Mwalimu," akaingia. Nilitazamia aiulize ngazi ilipo. Akaomba kiti, akakaa kando ya meza yenye alama ya sufuria, akanihoji kama tabibu amhojivyo mgonjwa.

"Hili tone huanza wakati gani? Mvua ikianza, ama baadaye?"

"Baadaye, Mzee."

"Baada ya muda gani?"

Sikujua.

"Mvua ikikatika, nalo hukatika?"

"Huendelea kidogo."

"Kidogo ni dakika ngapi, Mwalimu?"

Hilo pia sikulijua. Akaniuliza kama ni kila mvua au mvua ya upepo tu, na kama ni ya upepo, upepo wa kutoka ziwani au wa kutoka Mau. Akaniuliza kama maji yake ni meupe au yana rangi. Akaniuliza kama yana harufu. Niliishi chini ya tone lile miezi minne, nikaliwekea sufuria, nikaliondolea vitabu, nikalilaani usiku, na katika maswali yake yote sikuwa na jibu la yakini hata moja. Mzee hakunilaumu. Aliinuka, akaniambia niandike katika daftari kila mvua itakayokuja, saa ya kuanza na saa ya kwisha, na mambo yote aliyoniuliza. Akaenda zake bila ya kupanda juu, naye hakurudi ila baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo ndizo zilizonifundisha kulipenda jambo hili. Maana nilipoanza kuandika niliona kwamba tone, ambalo mimi nililijua kama usumbufu mmoja usio na sura, lilikuwa na tabia zake, na tabia hizo zilikuwa na mpango. Halikuanza kamwe kabla ya nusu saa ya mvua. Mvua ikikatika, liliendelea karibu saa nzima, likipungua kasi kama saa ya ukutani inayoishiwa na ufunguo. Mvua zilizotoka mashariki, hata zilipokuwa kubwa, hazikulileta. Zilizotoka magharibi zililileta hata zilipokuwa za wastani. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Na nilipoyanusa katika kikombe cheupe, yalikuwa na harufu ya masizi.

Mzee alisoma daftari langu polepole, kidole chini ya kila mstari, kisha akanieleza maana ya kila dalili, nami nitayaandika maelezo yake kadiri ninavyoyakumbuka kwa kuwa sijayaona katika kitabu chochote. Tone linaloanza pamoja na mvua limeingilia karibu, aghalabu kwenye tundu la msumari lililo juu yake. Tone linalochelewa limesafiri, au limelazimika kwanza kuijaza mbao kavu kabla ya kuruhusiwa kupita. Linaloendelea baada ya mvua kwisha linatoka mahali maji yalipotuama, au linatoka katika mti uliolewa maji na sasa unayarudisha. Linalokuja kwa upepo mmoja tu halikuingia kwa uzito wake. Lilisukumwa, kwa hiyo lazima mahali palipo wazi pawe panautazama upepo huo. Maji meupe yamepita juu ya chuma pekee. Maji ya rangi yamelala na mti. Kuhusu masizi hakutaka kusema neno. "Huyo ni shahidi mmoja," alisema, "na nyumba hii ilikuwa ikipikiwa kwa kuni miaka mingi. Masizi yako kila mahali." Namna alivyojizuia ilinistaajabisha kuliko lolote alilolisema, kwa maana mimi nilikwisha kuruka hadi kwenye dohani na kuitia hatiani.

Katika daftari palikuwa na usiku mmoja uliokuwa umenifadhaisha: usiku mkavu wa nyota nyingi na baridi kali, ambao matone matatu manne yalianguka jikoni bila ya mvua. Aliposoma hapo aliuliza kama tulikuwa tumepika. Tulikuwa tumechemsha githeri jioni nzima, madirisha yamefungwa. Akasema hilo si vujo, hilo ni jasho la bati. Mvuke wa sufuria na pumzi za watu hupanda, hukuta bati lililopoa kwa baridi ya usiku, ukawa maji na kudondoka, na dawa yake ni kuacha tundu la hewa chini ya paa, wala hakuna lami duniani itakayolizuia. Mafundi wengi, alisema kwa masikitiko ya kweli, wameharibu mapaa mazima kwa kuliziba jasho, kwa kuwa kila walipoziba zaidi, hewa ilipungua na jasho likazidi.

Baada ya hayo tulipanda darini. Wazee wetu wa pwani waliziita mbao za paa kwa majina ambayo nilifurahi kumpa yule mzee, naye akanipa ya Kikipsigis, na kwa muda tulikaa tukibadilishana majina kama wafanyabiashara wa zamani: makombamoyo yanayoteremka kutoka mgongo wa paa hadi ukutani, mapao yanayolala juu yake kwa upana ili mabati yapate pa kupigiliwa, na ile boriti inayokatiza nyumba kutoka ukuta hadi ukuta, ambayo wahenga waliiita mtambaapanya kwa sababu waliziona nyayo za anayeitumia. Mlango wa dari ulipofungwa nikaona juu yetu vitundu vya mwanga, kama mbingu ndogo. Nikavihesabu kumi na tisa, nikadhani tumeipata kazi yetu. Mzee akasema wengi kati ya hao hawana hatia. Mwanga huenda moja kwa moja, akasema, na maji hupinda. Tundu linaloonyesha jua mara nyingi liko juu ya tuta la bati, ambapo maji hayapiti, na mahali panapovuja huwa ni giza tupu, kwa sababu maji yamepanda kati ya mabati mawili yaliyolaliana, yakanyonywa na ule wembamba wa nafasi kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Hata hivyo alipitisha unyasi katika kila tundu ili avizibe baadaye kutoka juu, kwa kuwa asiye na hatia leo aweza kuipata kesho.

Kisha akazima tochi yake, akageuza mkono, na kuanza kupitisha mgongo wa mkono juu ya mtambaapanya.

Sikuwa nimemweleza habari za babu yangu. Watu wawili hawa, mmoja aliyezikwa mchangani Lamu na mmoja aliyezaliwa kando ya mto Kipsonoi na ambaye hajapata kuiona bahari, hawakuwa na mwalimu mmoja, wala lugha moja ya mama, wala chombo kimoja cha kufanyia kazi; lakini maji yaliwafundisha wote wawili kwamba kiganja husahau na mgongo wa mkono hukumbuka. Nilisimama pale darini nikashindwa kusema.

Mkono ulimwambia kwamba boriti ilikuwa na unyevu, lakini wapi ulikoanzia haukumwambia, kwa kuwa kulikuwa kumekauka siku mbili. Akaniomba majivu ya jikoni na chekeche. Tukanyunyiza majivu, laini kama poda, juu ya mtambaapanya, juu ya makombamoyo mawili yaliyoungana nao, na juu ya mapao yote hadi karibu na dohani. Tukashuka, tukanywa chai, tukangoja. Mvua ya magharibi ilikuja saa tisa. Tulipopanda tena, maji yalikuwa yameandika njia yao katika majivu kwa mstari mweusi ambao mtoto angeweza kuusoma: yalikuwa yametoka upande wa dohani, yakafuata pao kwa upana wa hatua nne, ingawa pao hilo lilionekana kwa macho kuwa limelala sawa, mzee akaliwekea pima maji, na lile povu ndani ya kioo likakimbia upande mmoja, kwani nyumba kwa miaka yake mingi ilikuwa imetitia kidogo kuelekea mashariki. Kutoka pao yakaingia kombamoyo, yakateremka hadi kwenye mtambaapanya, yakaufuata mpaka kwenye msumari mmoja wa zamani uliochomoza kwa chini, na hapo, kwa kukosa njia nyingine, yakaruka. Meza yangu ilikuwa chini ya msumari ule. Bati lililopakwa lami mara tatu halikuwa na kosa lolote.

Hata wakati huo mzee hakukubali kuihukumu dohani mpaka afanye jaribio lake la mwisho. Siku ya pili, asubuhi kavu, alipanda paani na mpira wa maji, mimi nikakaa darini na tochi. Mtu wa haraka angeanza juu. Lakini ukianza juu paa lote hulowa, na ukiona tone hujui limetoka katika tundu lipi. Alianza chini kabisa karibu na gata, akamwaga maji robo saa, akaniita, "Mwalimu, iko?" Haikuwapo. Akapanda hatua moja, akamwaga robo saa nyingine. Hivyo alikwea, safu baada ya safu, kwa muda wa saa mbili na zaidi, akilitangaza kila bati kuwa halina hatia kabla ya kuligusa la juu yake, nami nilikuwa nimefanya ganzi miguu pale alipoufikia upande wa nyuma wa dohani, ule unaotazama kilele, kwenye kona ya magharibi. Na pale, baada ya muda niliouhesabu kuwa dakika kumi na moja, majivu mapya juu ya pao yakaanza kuwa meusi.

Nyuma ya dohani majani ya mikaratusi na ya misanduku yalikuwa yamejikusanya miaka mingi yakawa udongo, na udongo ukawa boma. Maji yalituama nyuma yake badala ya kupita. Na bamba la risasi lililotandikwa pale na mjenzi wa kwanza, likiwa kwenye baridi na jua bila kupumzika, lilikuwa limepasuka konani kwa ufa wa urefu wa kidole. Ulikuwa ufa mdogo sana kwa taabu yote hiyo. Aliuondoa uchafu kwa mikono, akabandua lami kuukuu, akakata bamba jipya la risasi na kulilaza kwa nyundo ya mti, akilipiga pigo dogo dogo ili lifuate kila mkunjo wa bati bila kukonda. Ukingo wake wa juu akauzamisha katika kiungo cha mawe ya dohani na kuufunga kwa chokaa na mchanga. Kisha akafanya jambo ambalo mjenzi wa kwanza hakulifanya. Alikunja vipande viwili vya bati, akavitia lehemu, akavisimamisha nyuma ya dohani vikiwa vimekutana kwa ncha, ili maji yanayoteremka yagawanyike kushoto na kulia yasipate mahali pa kutuama. Nilipanda kutazama. Lilikuwa gubeti, gubeti kamili la mashua, limeielekea mvua kama vyombo vya kwetu vinavyoyaelekea mawimbi.

Malipo aliyoyataka yalikuwa ya siku mbili, siku za risasi na lehemu. Kwa kunihoji, kwa kulisoma daftari, kwa majivu, kwa saa zile mbili za kulitakasa bati moja moja, hakutaka hata senti, akasema hiyo ilikuwa ni kutafuta, na kazi ilikuwa bado haijaanza. Nilimlipa zaidi, naye akapokea kwa haya. Lakini nasema wazi kwamba desturi hii ni dhuluma, na dhuluma yetu sote tunaokubali kumlipa mtu kwa mikebe ya lami aliyoimaliza na kumnyima kwa akili aliyoitumia. Aliwahi kunisimulia kwamba katika ujana wake alifanya kazi juu ya mapaa ya viwanda vya chai, na huko thamani ya kutafuta ilijulikana. Jani la chai hupenda mvua maisha yake yote shambani, lakini likishakaushwa hubakiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi, na tangu saa hiyo huyanywa maji popote liyapatapo, hata yaliyo hewani. Tone moja juu ya chumba cha kuchambulia chai, likiachwa usiku kucha, laweza kuharibu kazi ya wachumaji wengi wa mchana mzima. Kwa hiyo msimamizi alimwacha azunguke juu siku tatu bila ya kupiga nyundo, wala hakumwuliza anafanya nini.

Kabla ya kuondoka alipanda darini kwa mara ya mwisho na kunyunyiza majivu mapya kutoka dohani hadi ukutani. Aliniambia nisiiondoe sufuria mezani mpaka mvua ya ziwani ipite, tena iwe yenye mawe, kwa kuwa paa halijapona mpaka limejaribiwa na lile lililoliua. Mvua hiyo ilikuja Alhamisi iliyofuata, saa kumi, ikitanguliwa na giza na kimya cha ndege. Mawe yakalipiga bati kwa kishindo hata nisiweze kuisikia sauti yangu mwenyewe, gata likafurika, ua ukawa mweupe. Nilikaa mezani na daftari langu. Nusu saa ikapita, na saa nzima. Mvua ikakatika, usiku ukaingia, na sufuria ilikuwa kavu, lakini kwa kuwa nilikwisha kufundishwa kwamba maji huchelewa, sikuliamini lile la dhahiri, nikalala bila ya kuiondoa.

Alfajiri nilipanda darini na tochi. Majivu yalikuwa yamelala meupe na makavu juu ya pao na juu ya kombamoyo, bila ya mstari wowote. Na juu ya mtambaapanya, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, palikuwa na nyayo ndogo za panya.